Mjomba Alipomlipa Mama Kwanza

Kwa maelezo ya fundi viatu anayekaa mlango wa mbele yetu, mashine ililetwa kwetu saa za wezi. Ilikuwa imefunikwa blanketi kama mgonjwa, mjomba ameng'ata tochi kwa meno, mimi nimetangulia kuangalia kama kuna mtu macho. Anasema aliyaona yote dirishani, kwa sababu usiku huo tumbo lilikuwa linamsumbua. Anasema hata mbwa hawakubweka, kwa jinsi tulivyokuwa tunakanyaga taratibu.

Ukimsikiliza unaamini. Mimi mwenyewe niliposimuliwa mara ya kwanza nilitaka kujua iliishaje.

Sasa nisikilizeni na mimi. Mashine ililetwa mchana, jua la kupasua kichwa, juu ya mkokoteni, watoto wa mtaa mzima wanaisindikiza kwa nyimbo. Blanketi lilikuwepo, hilo sikatai. Ndani kulikuwa na mayai, na mayai yaliyoanza kushika uhai hayapendi upepo. Na huyo huyo fundi viatu aliacha kiatu cha watu nusu kimeshonwa, akaja kusaidia kunyanyua. Mama akampa soda. Akaomba na ya pili.

Kwa uliyekosa gazeti la wiki jana, hadithi yangu iko hapa: mjomba, kaka yake mama, alikuwa na kampuni ya kutotolesha vifaranga na kuuza vyakula vya kuku. Nilianza kazi kwake nilipomaliza shule ya msingi, kwa sababu pesa ya kuendelea haikuwepo. Biashara ikashika. Akakopa benki, akajenga, akanunua mashine kubwa tatu. Pesa za benki hazikutosha, akamwendea mama, na mama akampa mafao yote ya marehemu baba. Hawakuandikiana. Kaka na dada wataandikiana nini?

Kisha ugonjwa ukapita kwenye mabanda, kuku wa wateja wakaanguka kama maembe, na hakuna aliyetaka tena kifaranga. Mishahara yetu ikakatika. Mahakama ikasema kampuni imefilisika, mlango ukatiwa kufuli jipya, na ufunguo akapewa mfilisi. Ndiye mtu anayewekwa kukusanya mali zote za aliyeshindwa kulipa, aziuze, awagawie wanaomdai.

Lakini kabla ya kufuli, mjomba alikuwa ameshatuletea mashine yake ya kwanza kabisa, ile ndogo ya zamani. Kiwandani tulikuwa tunaiita Bibi, kwa sababu inanung'unika kutwa nzima na ukiigusa bila adabu inazima. Mjomba alisema, "Dada, pesa sina. Chukua Bibi, ukae naye, deni letu liishe. Nitaanza na damu yangu."

Mtaa mzima ulimsifu. Walisema huyo ndiye kaka.

Tukaanza kuishi kwa Bibi. Majirani wanaleta mayai yao, wameyatia alama ya penseli, huyu msalaba, huyu duara, huyu jicho. Vikitoka vifaranga, katika kila vinne kimoja kinabaki kwetu. Mama alianza kunenepa kidogo usoni.

Wiki jana niliishia pale nilipofungua mlango wa nyumbani nikamkuta mfilisi amekaa kwenye kiti cha mama, viatu amevua.

Mfilisi ni mwanamke. Umri wa mama, sauti ya chini, anazungumza kama mtu anayemlaza mtoto. Mama hakumjua. Alidhani ni mteja, akamtengea chai, akamuuliza ameleta mayai mangapi.

"Sijaleta mayai, dada," mfilisi akasema. "Nimekuja kuitafuta mashine."

Akaeleza kwamba wafanyakazi wote wamemwambia kampuni ilikuwa na mashine nne, na yeye amezikuta tatu. Akaeleza pia kwamba kuna mtu amemweleza habari ya blanketi na tochi.

Mama hakuruka, wala hakupaza sauti. Alisema mashine iko chumba cha pili, kama anataka kuiona aende, ila asifungue kifuniko.

Mfilisi akauliza ilifikaje humu ndani.

"Muulize aliyeileta," mama akasema.

Nilimtazama mama. Mimi ni mtu wa kutazama. Ndiyo kazi niliyoifanya miaka yote, kulishika yai mbele ya taa na kuangalia kama ndani kuna kinachocheza. Niliona kidole gumba cha mama kinasugua pete ya ndoa.

Mfilisi hakukasirika. Alikunywa chai yake, akaanza kutufafanulia polepole. Mtu akishafikia mahali hawezi kuwalipa wote, alisema, hana ruhusa ya kuchagua wa kumlipa. Akimlipa mmoja na kuwaacha wengine, sheria inarudi nyuma kuangalia, na akiwa amemlipa ndugu yake, inarudi nyuma zaidi. Kilichotolewa kinarudishwa kwenye fungu la wote.

"Kwani mimi si mdai?" mama akauliza. "Nilimpa kokoto?"

"Wewe ni mdai, dada. Mashine ikirudi, utaleta madai yako kama wengine."

"Nitakaa wapi kwenye hiyo foleni?"

Hapo mfilisi akaweka kikombe chini. Alisema benki haimo kwenye foleni hiyo, kwa sababu ilishika dhamana, jengo na zile mashine kubwa. Benki inakula sahani yake pembeni. Vinavyobaki ndivyo vya foleni. Kwanza gharama za kazi yenyewe ya kufilisi, kisha mishahara ya wafanyakazi, kisha kodi, halafu wale wasio na dhamana yoyote. Mama, muuza pumba, wateja waliotanguliza pesa za vifaranga. Kikibaki kitu watagawana kwa kadiri ya kila mmoja anachodai.

"Na huyu fundi viatu? Mkewe alitanguliza pesa za vifaranga."

"Mko mstari mmoja. Bega kwa bega."

"Afadhali ungeniweka nyuma yake," mama akasema. "Nisimwone uso."

Mfilisi alicheka kweli, mpaka akajifuta macho. Ndipo akasema lile jambo ambalo tangu siku ile halijaniacha nikae chini. Alilisema kwa uaminifu tu, kama daktari anavyokusomea dawa zote hata zile usizohitaji.

"Kuna mlango mmoja tu," alisema. "Kama mashine haikuwa ya kampuni. Kama ni ya mtu mwingine, na kaka yako alikuwa ameiazima, basi siwezi kuigusa. Mali ya kuazima hailipi deni la aliyeazima. Lakini hapo nitahitaji mtu wa kunithibitishia."

Akavaa viatu, akashukuru kwa chai, akaniambia na mimi nihudhurie kikao cha wadai, maana kwa mishahara yangu na mimi nimo.

Mama alikiosha kile kikombe muda mrefu kuliko kikombe chochote ninachokumbuka.

Kikao kilifanyika kwenye darasa la shule, wanafunzi wako likizo. Tulikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa videvu. Mtu wa benki alikuja, akakaa karibu na mlango, akaaga mapema. Mahitaji yake yalikuwa yameshatimia. Wengine wote tulikuwa wale wa foleni, na kila mmoja anamwangalia mwenzake kama amemkalia kipande chake.

Fundi viatu akaomba nafasi. Akaisimulia safari ya usiku tangu mwanzo, na kwa kuwa kulikuwa na watu, aliongeza. Safari hii mjomba alikuwa amevua viatu. Safari hii mimi nilikuwa nimejifunga kitambaa cheusi usoni. Watu wakaguna, mtu wa pumba akasema huo ni wizi, na mwanamke mmoja nyuma akasema familia hii yote inafaa kupelekwa polisi.

Mimi si msemaji. Lakini niliinuka, kwa shida, kwa sababu dawati lilikuwa limenibana.

Nikamuuliza fundi viatu kwa adabu kama siku ile alikunywa soda ya aina gani.

Akasema soda ipi.

Nikasema ile aliyopewa na mama baada ya kunyanyua upande wa kushoto wa mashine, na ile ya pili aliyoiomba mwenyewe. Kisha nikasema kama mashine ni ya wizi, basi mayai yenye alama ya jicho yaliyomo ndani hivi sasa ni ya mke wake, na aje ayatoe, asije akashikwa na mali ya wizi.

Darasa zima lilivunjika kwa kicheko. Fundi viatu naye akacheka, sijui kwa nini. Akasema labda usiku ule aliota. Akakaa.

Nilijisikia mrefu. Nikakaa chini nikiwa nimeokoa jina la mama.

Raha yangu haikumaliza hata dakika. Dereva wa kampuni, mtu mzima, mpole, ambaye miaka yote alikuwa akinifikisha nyumbani mvua ikinyesha, aliongea bila kuinuka.

"Kumbe ilikuwa mchana," alisema.

Nikasema ndiyo, kaka, mchana.

"Wiki ile ile bosi alitwambia hana hata kitu cha kutupa tukauze."

Kicheko kikakatika kama umeme. Wenzangu wote wa kiwandani wakageuka, yule wa kuosha trei, yule wa kupima chakula, mlinzi. Watu niliokula nao mchana kila siku. Nilichokuwa nimekisafisha kwa mkono mmoja, nilikuwa nimekimwagia tope kwa mkono mwingine.

Mfilisi akamuuliza mlinzi, akamuuliza dereva: nani anajua mashine ile ndogo ilipatikanaje? Wote wakasema walipoajiriwa waliikuta. Ni kuukuu, haina karatasi.

Basi akasimama mjomba. Alikuwa amekaa nyuma kabisa, sikuwa nimemwona. Amekonda, shati limekuwa kubwa kwake. Nilidhani atajitetea, au atamtetea mama, au atasema ukweli tukamaliza.

"Muulizeni mpwa wangu," alisema. "Yeye ameiendesha kuliko mtu yeyote. Atakalosema yeye, mimi nalikubali."

Akakaa. Hakuniangalia.

Nimetafuta neno la kumwita mjomba tangu siku ile na sijalipata. Si mbaya. Aliposhindwa kunilipa aliniomba msamaha kwa machozi. Lakini siku ile alichukua kitu kizito kilichokuwa kinamlemea yeye, akaniwekea kwapani, kwa upole, mbele ya watu.

Mfilisi aliangalia saa, akasema muda tuliopewa darasani umekwisha. Maelezo yangu atakuja kuyachukua nyumbani kesho yake asubuhi.

Nikatoka mbiombio. Dereva akanikuta njiani, akatembea pembeni yangu. Nilisubiri anitukane. Hakunitukana. Aliniambia mwenye nyumba, kwa kodi ambayo hawajalipa, ameshatoa mlango wa chumba chao, ameondoka nao, na sasa wanatundika pazia. Aliniambia amejumlisha, kama mashine ile itauzwa, mishahara ya wote haitalipika, lakini mlango utarudi.

"Sikuombi kitu, dada," alisema. "Nilitaka ujue tu."

Afadhali angeniomba.

Asubuhi mama alifagia uwanja. Akamaliza, akafagia tena. Mimi niligeuza mayai, nikasoma kipimajoto, nikatoka, nikarudi kukisoma tena kana kwamba kingeniambia jambo jingine. Nyumba ilikuwa na mtu mmoja tu anayezungumza, na huyo alikuwa Bibi.

Mwishowe mama akaegemeza ufagio, akaja akasimama kwenye mlango wa chumba cha pili.

"Unakumbuka baba yako alivyokuwa anapenda kuku?" akauliza.

Nikasema nakumbuka. Baba hakupenda kuku. Aliwafukuza kwa kandambili.

"Basi mashine hii alinunua yeye. Mjomba wako aliiazima, sasa ameirudisha. Ndivyo utakavyomwambia yule mama."

Nilikuwa nimeshika yai. Nikalirudisha mahali pake kwanza.

Nilimwambia kwamba mimi nilikuwepo. Nilikuwa mtoto wa shule, mjomba alinichukua siku ile kwa sababu nilikuwa nalilia safari. Aliuza pikipiki yake, tukaenda pamoja kuichukua mashine ya kwanza ya kampuni kwa mzee mmoja aliyekuwa anahama. Nilirudi nimeikumbatia kwenye gari ili isitikisike. Baba alipoiona alicheka, akasema shemeji yake amenunua kabati.

"Najua," mama akasema. "Nani mwingine anajua?"

Nikafunga kifuniko cha Bibi.

"Baba yako hayupo. Mzee aliyeuza alihama. Mjomba wako ameshasema anakubali lolote. Umebaki wewe."

Nikamwambia habari ya mlango wa dereva. Nikamwambia mshahara wangu mwenyewe umo kwenye foleni ile, mbele ya deni lake. Nikiupata nitampa wote. Alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto anayejaribu kulipia nauli kwa jani.

"Wao wakipata mshahara mmoja, watatafuta kazi nyingine wapate mwingine," alisema. "Baba yako atafanya kazi nyingine apate mafao mengine?"

Nikakisoma kipimajoto tena.

Nataka mnielewe, ninyi mnaosoma. Mama yangu si mwongo. Aliwahi kunirudisha dukani, mvua inanyesha, nikarudishe chenji iliyozidi. Na sikuwa na hasira naye. Nilikuwa nikimtazama, nikaona kwamba kama angeweza kuyasema mwenyewe angeyasema, asinisumbue. Lakini mfilisi hatamwamini yeye. Ataniamini mimi, kwa sababu nilisema kweli kuhusu mchana.

"Tangu nikuzae sijakuomba kitu," mama akasema.

"Mama."

"Nimekuagiza. Nimekutuma. Kukuomba, sijakuomba. Leo nakuomba."

Nikatoka chumbani nikapita pembeni yake. Nikaenda hadi mlango wa nje, nikarudi. Nikachukua ufagio, nikauweka. Nikanywa maji ambayo sikuwa na kiu nayo. Miguu yangu ilitaka kwenda mahali na haikujua ni wapi. Kote nilikogeuka nilimkuta mtu: huku dereva na pazia lake, huku baba na kandambili.

Fundi viatu akanipungia mkono kutoka ng'ambo, amebana misumari mdomoni. Akaniuliza kwa ishara kama mayai ya mke wake yako salama. Nikamwitikia kwa kichwa. Nyuma yake, kwenye kona, nikamwona mfilisi anakuja, anaruka madimbwi kwa uangalifu, mkoba kwapani. Nyuma yake vijana wawili na mkokoteni mtupu.

Alikuwa amekuja na mkokoteni. Lakini aliwaambia vijana wasubiri nje, hajui bado kama watabeba kitu au watarudi hivyo hivyo. Akavua viatu. Akaingia, akakaa kiti kile kile. Chai ya mama aliikataa safari hii, akasema akiwa anachukua maelezo hali wala hanywi kwa mtu.

Akafungua kalamu, akanitazama. Hakuwa na haraka. Aliniambia nisiogope, hapa hakuna mtu anayenishtaki. Niseme tu ninachokijua, na atakachokiandika ndicho atakachokifuata, kwa sababu hana shahidi mwingine na hahitaji mwingine.

"Haya, mwanangu," akasema. "Mashine hii ni ya nani?"

Mama alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha mgeni, mahali ambapo mimi tu ndiye niliyemwona. Sikuona hasira usoni mwake, wala sikuona machozi. Midomo yake ilitembea bila sauti, mara moja, nikaisoma: nakuomba.

Nje mmoja wa wale vijana alikuwa anagongagonga gurudumu la mkokoteni kwa kiatu.

Mfilisi akangoja. Mama akangoja. Chumba cha pili Bibi akanung'unika, akanyamaza, akaanza tena.

"Mjibu mgeni, mwanangu," mama akasema.